Risiti ya Bwana Taa

Kila asubuhi Bi Nyuzi alitoa viatu vya mumewe nje. Aliviweka mlangoni, kimoja kando ya kingine, ncha zikitazama barabarani. Jioni aliviingiza ndani. Kila Jumapili alivipaka rangi vikang'aa. Mpita njia akiviona, alijua kwamba mwenye nyumba yumo.

Mwenye nyumba hakuwemo. Alikufa miaka miwili iliyopita.

Usimcheke Bi Nyuzi. Siku ya mazishi shemeji yake alimvuta kando akamwambia, "Shemeji, unabaki peke yako. Usimtangazie kila mtu kwamba humu hamna mwanamume." Ulikuwa ushauri mzuri, lakini yeye aliuzidisha. Msoma mita ya umeme aliambiwa mzee ametoka. Muuza maziwa aliambiwa mzee amelala. Hata mama mmoja aliyekuwa safarini, akaja kutoa pole kwa kuchelewa, alijibiwa kutoka dirishani, "Mzee hayupo, njoo siku nyingine." Yule mama aliondoka ameshika kichwa.

Kweli yenyewe ni kwamba lile neno lingine lilikuwa halimtoki mdomoni. Neno fupi tu: amekufa. Alilijaribu mara moja mbele ya kioo. Midomo ilifunguka, sauti haikuja. Tangu hapo hakulijaribu tena. Majirani nao wakachoka kubisha. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi baiskeli, watu wakimwita Fundi Pedeli. Yeye alimpungia mkono kila asubuhi. Bi Nyuzi alimpungia pia, kisha akafunga pazia. Kuna siku jua lilichomoza likatua hajasema na mtu yeyote. Alisema na cherehani, na cherehani haijibu.

Maana Bi Nyuzi alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na daftari la vipimo lenye jalada la kijani. Daftari hilo lilikuwa na sifa. Hakukata kitambaa kabla ya kuandika. Kiuno, kifua, urefu wa mkono, rangi ya nguo, siku ya kuchukua, vyote viliingia humo. Hata ukimpa leso aipinde ukingo, ataiandika leso yako na tarehe juu. Watu walimtania, "Bi Nyuzi, ukipiga chafya pia unaandika?"

Mumewe alikuwa mpiga video za harusi. Walimwita Bwana Taa. Alikuwa akiingia ukumbini na taa zake mbili, hata bibi harusi aliyenuna anatabasamu. Alipokufa, kamera yake ilibaki kwenye begi chini ya kitanda. Kila Bi Nyuzi alipofagia, ufagio uligonga begi. Kila ulipogonga begi, alikaa sakafuni akalia. Kufagia chumba kimoja kukawa kazi ya asubuhi nzima. Mwisho akasema, basi, kamera iuzwe.

Akamwambia mwenye duka la picha. Baada ya siku mbili akaja binti mmoja mfupi, mwenye kicheko cha karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia kuna kamera inauzwa. Ni yako?"

"Ni ya mzee. Ametoka. Ameniachia mimi niiuze."

Haya, umesikia mwenyewe. Neno lilitoka lenyewe kwa mazoea, na wala hakuliona kama uongo.

Binti aliiwasha kamera, akaikagua, akaipenda. Wakakubaliana bei. Pesa zikatoka, zikapokelewa. Kisha binti akatazama chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hatuandikiani?"

Bi Nyuzi alinuna kidogo. "Tuandikiane nini? Risiti ya dukani hii hapa, ina jina la mzee na namba ya kamera. Kitu kinakwenda na risiti yake. Au huniamini?"

Binti akaona haya. Nani atamwambia mtu mzima kwamba hamwamini? "Nakuamini sana, mama," akasema, akatia risiti mfukoni.

Hapo ndipo kosa lilipofanyika, na walilifanya wawili, mmoja kwa majivuno na mwingine kwa heshima. Binti alichukua risiti yenye jina lisilo lake. Bi Nyuzi alibaki bila risiti wala nakala. Hawakuandika popote kwamba mmoja aliuza na mwingine akanunua.

Binti alipolivaa begi, likampiga magotini. Wakacheka wote wawili. "Lete nikupunguzie mkanda," Bi Nyuzi akasema. Akakata, akashona, akafungua daftari kama kawaida yake. Akaandika tarehe. Chini yake akaandika: "Mkanda wa begi la kamera. Kupunguza inchi nane. Binti mfupi mwenye kicheko." Jina hakuandika, kwa kuwa hakuuliza.

Nyumba ilikuwa kimya zaidi jioni hiyo. Alifagia chini ya kitanda, ufagio ukapita bila kugonga kitu. Alidhani atafurahi. Alilia vilevile.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja mtu akabisha hodi kwa nguvu. Bi Nyuzi akachungulia. Alikuwa askari polisi, ameshika karatasi.

"Habari za hapa, mama? Namtafuta huyu." Akasoma jina la Bwana Taa. Si lile la utani. Alisoma jina lake halisi, majina yote matatu, pole pole.

Moyo wa Bi Nyuzi uliruka. Miaka miwili hakuna mtu aliyemuulizia mumewe kwa jina. Kwanza alifurahi, kweli alifurahi, kana kwamba mumewe yuko sokoni na mtu amekuja kumwita. Halafu furaha ikageuka maumivu.

"Yupo?"

"Ametoka."

Askari akatazama mlangoni. "Ametoka bila viatu?"

"Ana vingine."

"Akirudi, aje kituoni. Kuna kamera tumeishika. Risiti yake ina jina lake. Tunataka atuambie kama aliiuza au aliibiwa."

"Nitamwambia," akasema Bi Nyuzi.

Siku hiyo alishona suruali moja, akaweka mguu wa kushoto mahali pa kulia. Akaifumua. Akajiambia kwamba mambo ya polisi hupoa yenyewe ukiyaacha. Lakini yapo yasiyopoa. Baada ya siku nne askari akarudi, na safari hii hakusalimia vizuri.

"Mama, huyu mzee anajificha nini?"

"Hajifichi."

"Basi mwambie hivi. Ijumaa ndiyo mwisho. Asipokuja kusema kwamba aliiuza, tutaichukua kama kamera ya wizi. Na yule binti tuliyemkuta nayo atapelekwa mahakamani."

Akaondoka. Bi Nyuzi alikaa kwenye kiti cha wateja. Yule binti! Mwenye kicheko!

Mchana huohuo binti akaja mwenyewe. Hakuwa na kicheko. Macho yalikuwa yamevimba.

"Mama, nimekuja kumwomba mzee. Yuko wapi? Polisi wanamtaka mwenyewe aliye kwenye risiti. Naomba aje kituoni aseme neno moja tu, 'niliiuza.' Hata dakika haitafika."

"Kaa kwanza, mwanangu. Imekuwaje?"

Binti akaeleza. Alikuwa amealikwa kupiga video kwenye ukumbi wa harusi. Siku hiyo kamera ya mtu mwingine iliibwa hapohapo. Polisi wakaita wapiga picha wote, wakakagua vifaa. Kamera ya binti haikuwa ile iliyoibwa, maana namba yake ililingana na namba ya kwenye risiti. Lakini wakamuuliza, "Huyu aliyeandikwa kwenye risiti ni wewe?" Akasema si yeye, ameinunua. "Kwa nani?" Kwa mke wake. "Mke wake anaitwa nani?" Hakujua. "Una maandishi?" Hana. Polisi wakabaki na kamera, naye akatakiwa kuripoti kila siku.

"Studio ninakofanya kazi wameniambia nikae nyumbani mpaka jina langu lisafike," akasema. "Hilo nimevumilia. Lakini jana usiku mama yangu mzazi ameniita chumbani. Ameniuliza, 'Mwanangu, niambie kweli, uliiba?' Mama yangu aliyenizaa!"

Akafuta macho kwa kiganja.

Bi Nyuzi akafungua mdomo. Lile neno la mazoea, ametoka, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akalimeza. "Mzee hawezi kuja," akasema.

"Anaumwa?"

Bi Nyuzi akatikisa kichwa.

"Amesafiri? Nitamfuata huko aliko, mama. Nitakopa nauli."

Bi Nyuzi akafunika uso kwa kitambaa cha suruali ya mteja, akalia kwa sauti. Binti akamtazama. Akatazama viatu mlangoni vilivyong'arishwa bila chembe ya vumbi wala alama ya kuvaliwa. Akaelewa.

"Oo, mama," akasema, akamshika bega. Kisha binti akauliza kwa upole, "Sasa nani atasema?"

Hilo ndilo lililomwinua Bi Nyuzi. Akajipangusa. Akachukua daftari lake, akafunga mlango. Wakaenda ofisi ya mtaa.

Pale ofisini kulikuwa na karani aliyeitwa Mama Mhuri. Alikuwa mnene, mwenye maneno mengi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Walimwita hivyo kwa sababu hakuamini jambo lolote lisilo na mhuri. Inasemekana alipoposwa, alimwambia mchumba wake aandike. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, na kwake hiyo ilikuwa kazi kubwa.

"Bi Nyuzi," akasema, "wewe si ndiye unayeandika mpaka leso za watu?"

"Ndiyo."

"Mteja akija kushona, unaandika nini?"

"Jina lake na simu. Vipimo. Kitambaa gani, rangi gani. Siku aliyoleta na siku ya kuchukua."

"Na kitambaa kikiwa na doa?"

"Naandika doa. Asije akasema mimi nimelitia."

"Na akitaka umshonee shati na suruali?"

"Naandika vyote viwili, asije akadai na koti."

Mama Mhuri akapiga meza. "Basi hati ya mauziano unaijua siku zote! Nani ameuza, nani amenunua, namba za vitambulisho vyao, simu zao, wanakoishi. Hivyo ni vipimo vya watu. Kitu gani, cha aina gani, rangi gani, na namba iliyopigwa kwenye kitu chenyewe. Namba hiyo ndiyo alama yake, kamera mbili hazina namba moja. Kina doa gani, kina mkwaruzo wapi, kinakwenda na nini, begi, chaja, betri. Bei, kwa tarakimu na kwa maneno. Siku gani. Halafu sahihi zenu, na shahidi wa kila upande. Nakala mbili, kila mtu yake. Unaandika kiuno cha mtu, unaacha kuandika kamera ya mumeo!"

"Niliona kama kunidhalilisha," akasema Bi Nyuzi. "Na huyu binti aliniomba. Nikamuuliza kama haniamini."

"Watu wazuri ndio wanaonaswa hivyo. Wezi hawaoni haya. Ninyi mliaminiana, sawa. Polisi je, wao walikuwepo mlipoaminiana? Mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeimbishwa shuleni, tukitoka nje tunasahau." Akamgeukia binti. "Na wewe, siku nyingine usiulize kwa aibu. Sema, 'Mama, tuandikiane, kwa faida yangu na yako.' Atakayekasirika, mwachie kitu chake."

"Sawa, mama."

"Tena risiti. Ukiuza, mpe mnunuzi risiti ya dukani, lakini baki na nakala au picha yake. Na nyuma yake andikeni kwamba kitu kimeuzwa, kwa nani, tarehe ngapi. Ikiwa ni simu au kompyuta, ondoa mambo yako yote humo kwanza." Akavaa miwani. "Sasa nikuulize swali gumu, Bi Nyuzi. Kamera ilikuwa ya marehemu. Ulikuwa na haki ya kuiuza? Maana kitu cha marehemu hakiuzwi na yeyote anayekikuta chini ya kitanda."

"Familia ilikaa kikao. Tuliandika kwamba vifaa vyake vya kazi ni vyangu. Shemeji zangu wote walitia sahihi."

"Karatasi hiyo iko wapi?"

"Kwenye droo. Pamoja na..." Akatazama daftari lake. "Pamoja na cheti."

"Cheti cha kifo," akasema Mama Mhuri, si kwa ukali. "Utakileta."

Bi Nyuzi akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Mama Mhuri, si tuandike tu hati sasa hivi, tuweke tarehe ya siku ile? Tarehe ninayo. Hii hapa kwenye daftari, nilipunguza mkanda."

Mama Mhuri akavua miwani tena. "Thubutu! Karatasi ya leo iwe na tarehe ya leo. Kuirudisha nyuma ni kughushi, na hapo mtafungwa wote wawili kwa haki. Tutaandika kweli kama ilivyo. Kwamba leo mnathibitisha mauziano yaliyofanyika siku ile, ambayo hamkuyaandika. Na daftari lako utalichukua, litakuwa ushahidi. Inchi nane!" Akacheka mpaka kamba ya miwani ikatikisika. "Zitakuokoa inchi nane."

Akaandika kwa mkono, taratibu, akiwauliza kila kitu. Kwa mara ya kwanza Bi Nyuzi na binti wakajuana majina. Alipofika chini akauliza, "Shahidi wa mnunuzi?"

"Mwenye duka la picha," akasema binti. "Yeye ndiye aliyenielekeza. Nitampigia sasa hivi."

"Shahidi wa muuzaji?"

Bi Nyuzi akafikiri. Shemeji zake walikuwa mbali. Wateja walikuja, wakapimwa, wakaenda. Akapitisha mtaa mzima akilini, nyumba kwa nyumba, kila mlango ambao hakuugonga kwa miaka miwili. Aliona aibu kuliko aibu ya polisi.

"Sina mtu," akasema. "Si unishuhudie wewe?"

"Mimi napiga mhuri. Siwezi kupiga mhuri na kuwa shahidi. Nenda katafute. Ofisi inafungwa saa kumi."

Wakarudi mtaani. Bi Nyuzi akaingia ndani, akafungua droo, akachukua karatasi ya kikao na bahasha ya cheti. Bahasha haikuwa imefunguliwa. Akatoka nayo kifuani. Akasimama kando ya barabara, akatazama ng'ambo. Fundi Pedeli alikuwa amechuchumaa, ameloweka mpira wa baiskeli kwenye beseni akitafuta tundu. Barabara ile ina hatua kumi na mbili tu, lakini Bi Nyuzi aliiona ndefu.

"Hodi," akasema alipofika.

Fundi Pedeli akainuka haraka mpaka akapiga beseni teke. "Karibu! Karibu, Bi Nyuzi. Karibu kiti. Ngoja nikifute."

"Sikai. Naomba unisaidie. Nahitaji shahidi. Niliuza kamera ya mzee kwa huyu binti. Sijui hata kama unaweza, maana hukuwepo..."

"Nilikuwepo hapa," akasema Fundi Pedeli. "Nilimwona akitoka kwako na begi la Bwana Taa. Tena begi limepandishwa juu, limemkaa vizuri. Nikasema moyoni, ameuza sasa. Nikataka kuja."

"Mbona hukuja?"

Akafuta mikono kwenye kaptura, akaifuta tena. "Nilikuja mara mbili mwaka wa kwanza. Uliniambia mzee ametoka. Bi Nyuzi, mimi nilikuwa miongoni mwa waliombeba. Nilishika jeneza upande wa kulia. Uliponiambia hivyo, mimi ningekujibu nini?"

Bi Nyuzi akakaa kwenye kile kiti alichokuwa amekikataa. Fundi Pedeli akaacha tairi la watu majini, akaenda kunawa, akavaa shati safi, wakawahi mhuri kabla ya saa kumi.

Ijumaa asubuhi waliingia kituoni watu wanne: Bi Nyuzi, binti, Fundi Pedeli na mwenye duka la picha. Yule askari alikuwa mezani. Akawahesabu kwa macho, akatazama mlango nyuma yao.

"Mama, mwenye risiti yuko wapi?"

Binti akataka kujibu kwa niaba yake. Bi Nyuzi akamshika mkono. Akaiweka bahasha mezani, akaifungua kwa kidole, yeye mwenyewe. Akamtazama askari usoni.

"Amekufa," akasema. "Mume wangu amekufa. Amekufa miaka miwili iliyopita. Kamera niliiuza mimi. Binti huyu hakuiba kitu. Nilikudanganya mara mbili, afande, nisamehe. Nilikuwa siwezi kulisema."

Sauti yake ilisikika ofisi nzima. Askari mwingine aliyekuwa akipiga chapa aliacha.

Yule askari wa mezani hakugusa karatasi kwanza. Alisimama. Akavua kofia.

"Pole sana, mama," akasema.

Bi Nyuzi akashtuka. Tangu wiki ya mazishi hakuna mtu aliyempa pole. Watampaje, na mzee wake ametoka? Akatafuta jibu ambalo watu hujibu, akalipata.

"Nimeshapoa, baba," akasema, huku machozi yakimtiririka.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Askari akasoma maelezo yenye mhuri. Akasoma cheti na karatasi ya kikao. Akalinganisha namba ya kamera, ya risiti na ya maelezo, akizigusa moja moja kwa kalamu. Akafungua daftari la kijani, akasoma kwa sauti, "Binti mfupi mwenye kicheko," akamtazama binti, akashindwa kujizuia. Wakacheka wote. Mashahidi wakaulizwa, wakajibu, kila mmoja akatia sahihi.

"Kama mngekuwa na karatasi hii tangu mwanzo," akasema askari, "nisingemzuia hata robo saa." Akaisukuma kamera mbele ya binti. "Chukua mali yako. Na hapa umeandikwa kwamba huna kosa. Mpelekee mama yako asome."

Binti aliishika ile karatasi kwa nguvu kuliko kamera.

Wiki iliyofuata alirudi kwa Bi Nyuzi kununua taa mbili za Bwana Taa. Safari hii mezani palikuwa na kalamu kabla ya taa. Waliandika wenyewe, bila Mama Mhuri, nakala mbili. Walipofika kwenye hali ya kitu, Bi Nyuzi aliziwasha. "Andika hivi," akasema. "Taa ya kwanza inawaka vizuri. Ya pili huzimika ikishapata moto. Yeye alikuwa akiipumzisha kidogo kisha anaiwasha tena." Binti akaandika yote, akapunguziwa bei. Fundi Pedeli akatia sahihi, akaacha alama ya grisi kwenye pembe ya karatasi. Bi Nyuzi akapiga picha ya risiti za taa kwa simu yake, akaandika nyuma ya kila moja kwamba imeuzwa, kwa nani na siku gani.

Mwezi haujaisha, simu ya Bi Nyuzi ikalia Jumamosi mchana. Namba ngeni.

"Halo? Mimi ni mlinzi wa ukumbi wa harusi," sauti ikasema. "Hapa getini tunakagua vifaa vyote. Kuna binti ana kamera na taa mbili, na karatasi zenye jina lako na namba hii. Wewe ndiye uliyemuuzia?"

"Ndiye mimi," akasema Bi Nyuzi. "Vilikuwa vya marehemu mume wangu. Nikavirithi, nikamuuzia. Soma namba zilizo kwenye taa, nami nisome zilizo kwenye nakala yangu."

Wakasomeana. Zikalingana.

"Pole kwa msiba, mama. Na asante. Tumemruhusu."

"Asante, nimeshapoa."

Kukawa na mlio, kisha sauti ya binti, nyuma yake ngoma na vigelegele. "Mama! Nimepita! Wenzangu bado wamesimama foleni getini!"

"Haya, nenda ukafanye kazi. Ile taa mbovu ipumzishe."

"Naipumzisha. Mama, kesho sina kazi. Nije?"

Bi Nyuzi akatazama chumba chake. Cherehani, pasi, kioo, kiti kimoja cha wateja.

"Njoo," akasema. "Njoo mapema, na umlete mama yako nimwone. Mtanikuta."

Akakata simu. Kisha akavuka barabara kwenda kuazima viti viwili kwa Fundi Pedeli.